Wasifu Uliobaki Mfukoni

Kasimiri ni wakili wa Njombe mjini, ofisi yake iko mtaa wa Ramadhani, na kwa miaka ishirini na sita hajawahi kuchelewa mahakamani wala kuvunja kanuni. Watu humsifu kwa hilo. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyomponza.

Rafiki yake wa damu alikuwa Timoth, wakili wa Makambako. Walisoma pamoja seminari ya Kilutheri ya Kidugala, na mpaka mvi zilipowaota Timoth aliendelea kumtania kwamba asingekuwa na Walutheri wa kumfundisha, Mkatoliki kama yeye angekuwa bado anagema ulanzi kwenye mianzi. Kasimiri hakuwahi kununa.

Timoth ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha mawakili. Mwaka mmoja wanachama kadhaa walitaka tawi litoe tamko la kumuunga mkono mgombea ubunge, kwa kuwa naye ni wakili. Timoth akasimama.

"Ndugu zangu, humu hatukuingia kwa hiari. Sheria inasema asiye mwanachama hafanyi kazi ya uwakili. Kuna wa chama hiki, wa chama kile, na wasio na chama. Ukija mswada mbovu tutaupinga kisheria, hiyo ni kazi yetu. Lakini kumpigia mtu kampeni kwa mdomo wa mwenzako aliyelazimika kuwa humu, huo ni wizi."

Hoja ikafa palepale.

Miaka ikapita, Timoth mwenyewe akachukua fomu ya udiwani. Siku ileile alijiuzulu uenyekiti, akamkabidhi Kasimiri, mwenyekiti mpya, muhuri wa tawi. "Ulinde mpaka ule wa tawi na siasa," alimwambia, "hata mbele yangu mimi." Kasimiri aliyabeba maneno yale kama kiapo.

Uchaguzi Timoth hakuufikia. Moyo ulisimama asubuhi moja, chai yake ikiwa bado mezani.

Mawakili wana desturi yao. Mwenzao akifa huvaa majoho, husimama mistari miwili jeneza likapita katikati, kisha mwenyekiti husoma wasifu wa marehemu. Kasimiri aliandika kurasa nne. Getruda, mjane, alikuwa amemwomba jambo moja tu: "Shemeji, wewe unamjua tangu utoto. Watoto wamsikie baba yao kwa mdomo wako."

Siku ya mazishi pale Kidugala, chama cha siasa cha Timoth kilifika na bendera, kikalifunika jeneza, kikaleta na spika zake. Nyimbo za kampeni zikapigwa msibani bila haya, na mtu aliyetajwa kumrithi Timoth kwenye kugombea akaomba kura mbele ya kaburi lililo wazi. Hapo ndipo mwongoza ratiba alipomwita mwenyekiti wa mawakili.

Kasimiri aliitazama bendera, akazitazama simu zilizoinuliwa kurekodi. Aliona kesho yake: picha yake ndani ya joho kwenye jukwaa lile, na maneno chini yake kwamba mawakili wa Njombe wamechagua upande. Akatikisa kichwa, akawaongoza wenzake kutoka mpaka barabarani. Nyuma yake, katibu wa chama cha siasa, aliyemfahamu Timoth kwa miezi mitatu, alisimulia maisha ya marehemu. Alikosea hata jina la mama wa Timoth.

Wiki tatu baadaye Kasimiri alikwenda Makambako kujieleza, zile kurasa zikiwa kwenye koti.

"Kamwene, shemeji," Getruda alimpokea kwa salamu ya Kibena, akamtengea kiti na kumimina chai. Kasimiri akaeleza yote: chama cha lazima, mipaka yake, maneno ya Timoth mwenyewe. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kanuni hiyo naijua," alisema. "Timoth alinisomea kwenye meza hii. Inakataza chama kusema." Akasogeza kikombe. "Ungevua joho, shemeji, ukasema kama Kasimiri tu, nani angekukataza?"

Wazo lile halikuwa limemjia Kasimiri kabisa, yeye aliyejibu hoja mahakamani maisha yake yote. Joho huvuliwa kwa mkono mmoja. Machozi yakamlenga, akaona aibu, akaingiza mkono kwenye koti na kuzitoa zile kurasa nne.

"Niitie watoto, shemeji. Niwasomee sasa."

"Wamesharudi shule za bweni," Getruda alisema, akamwongezea chai.