Siku Niliyopima Barafu Badala ya Mchezaji

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mwanangu, joto la Durban limekaza kiasi kwamba hata ukisimama kivulini jasho linakutiririka. Nje hali ilikuwa hiyo, lakini mimi ndani ya uwanja wa barafu nilikuwa nimevaa koti zito, karatasi mkononi, kalamu sikioni, najiona mtu mkubwa. Nilikuwa na miaka thelathini kasoro. Umeniambia kwamba kesho wewe pia utakaa kwenye benchi la wapimaji, utoe maksi kwa vijana wa hoki wanaotafuta kwenda kucheza kwa malipo ng'ambo. Basi kaa nikwambie nilivyoharibu, maana sifa zangu umeshazisikia kwa wengine, na nyingi zimetiwa chumvi.

Nilifika mji huu kutoka Uvira, kwetu Kongo, nikiwa sijui barafu yoyote isipokuwa ile ya kwenye glasi ya soda. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia pembezoni mwa uwanja ule wachezaji wakishatoka. Nikaazima viatu vya kutelezea, vile vyenye chuma chini, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena mpaka makalio yakazoea. Mwishowe nikachezea timu ya wanawake misimu sita, hadi goti lilipogoma. Kocha Riaan, aliyekuwa mkuu pale, alisema nina jicho la mchezo, akanipa kazi ya kuwapima vijana. Mwanamke, mkimbizi, tena mwenye Kiingereza cha kuungaunga! Unaweza kufikiri nilivyoishika karatasi ile.

Siku hiyo alikuwa amekuja mgeni kutoka Ulaya, mtu wa klabu ya vijana ambako timu kubwa huenda kujichagulia wachezaji. Angemchukua mmoja tu. Vijana walikuwa tisa, na yeye hakuwa na muda wa kuwachunguza wote, kwa hiyo sisi tungemchujia watatu, awatazame Jumapili asubuhi kisha apande ndege. Klabu yake haikupokea mtu aliyepita miaka kumi na saba. Aliyekosa hapo, ndiyo basi.

Kati ya tisa hao alikuwemo Heritie, na miaka yake ilikuwa hiyohiyo kumi na saba. Mama yake, Mama Furaha, alikuwa na saluni mjini, na nyumba zetu zilipakana kule mtaa wa Cato Manor. Tuliimba kwaya moja. Mtoto yule nilimjua tangu akiteleza na soksi kwenye sakafu ya saluni, nywele za wateja zikimganda miguuni.

Sasa sikiliza kosa lilipoanzia, maana halikuanzia uwanjani. Wiki nzima nilikuwa nasikia minong'ono kwenye kaunta ya kukodishia viatu: Wakongo wanabebana, jina la Heritie limeshapita hata hajafunga kamba. Iliniuma. Nikaapa moyoni kwamba nitawaonyesha. Na kweli niliwaonyesha, ila aliyeumia ni mtoto wa watu.

Heritie hakuwa na mwili. Mchezo wake ulikuwa wa pasi. Alikuwa akikipeleka kile kisahani cheusi cha raba mahali ambapo hakuna mtu, na mwenzake akifika anakikuta. Alasiri ile pasi zake zote zilifia njiani. Kisahani kilianza vizuri, kikapunguza mwendo, kikasimama hatua mbili kabla, na mpinzani akaokota. Kulikuwa na kijana mwingine, Brandon, mabega kama mlango, ambaye yeye alikisukuma mwenyewe kutoka upande mmoja hadi mwingine na kufunga. Brandon nikampa nane kwa kumi. Heritie nikampa nne, na chini yake nikaandika: hana jicho, hana nguvu. Nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikataka kutoboka. Nakiri, mwanangu, nilijisikia msafi kabisa.

Maksi zikabandikwa mlangoni, Heritie hayumo kwenye watatu. Nikapita nyuma ya uwanja kuacha viatu vyangu kwa Mzee Bonifasi, Mrundi aliyekuwa ananoa vyuma vya wachezaji. Alikuwa amefanya kazi kiwandani, kule mtaa wa Jacobs, miaka mingi hadi masikio yakachoka, ndiyo maana alikuwa anazungumza kwa sauti ya juu hata jambo liwe la siri. Akazima mashine yake.

"Solange, mbele ya kuandika, uliinama ukagusa barafu?"

Nikamjibu kwamba sikuja kugusa barafu, nilikuja kupima watu.

"Iko maji juu," akasema. "Mulango ya nyuma ilibaki wazi tangu asubuhi, joto yote ikaingia. Kisahani kinakwama. Ule mukubwa anasukuma na mabega, haimusumbue. Ule mudogo, pasi yake inakufia mu maji. Wewe ulipima barafu, mama. Mutoto haukumupima."

Kisha akanyanyua viatu vya Heritie, akapitisha ukucha kwenye chuma ili nione. Kingo zote mbili zilikuwa zimelika sawasawa, mbele na nyuma. Akanyanyua vya Brandon: vimelika upande mmoja tu, kwa sababu kijana yule karibu hakugeukia kushoto kabisa. Miaka miwili viatu hivyo vilikuwa vinapita mikononi mwa mzee kila wiki, na mimi mwenye karatasi sikuwahi kumuuliza lolote.

Nilijitetea. Nilisema ningempitisha, watu wangesema nimembeba. Mzee Bonifasi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akateremsha sauti.

"Uliogopa midomo ya batu, ukamulipisha mutoto. Ile haiko haki, Solange. Ile ni woga, umeivalisha koti."

Nilikasirika sana. Nilitoka bila kuaga, nikaenda kupanda taxi ya kwenda kwetu, nikakaa karibu na dirisha nikijiambia kwamba mzee huyu ni mnoaji tu, anajua nini. Taxi iliposimama kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, nikamwambia dereva nashuka. Aliniuliza kama naumwa. Nilirudi kwa miguu, goti linauma, na kila hatua nikizidi kukaza moyo, maana nilijua nikilala na jambo lile, asubuhi nitakuwa nimeshapata sababu ya kulinyamazia.

Kocha Riaan alikuwa anafunga ofisi. Nikamweleza yote pale mlangoni. Alisikiliza, akakuna kidevu, akasema orodha mgeni anayo tayari. Nikitaka ifunguliwe, niandike kwa mkono wangu nilichokosea, nitie sahihi. Na baada ya hapo, akasema, hataweza tena kunikalisha kwenye benchi lile, kwa sababu nani ataamini maksi zangu?

Nikamuuliza kalamu iko wapi.

Sentensi ya kwanza ilikuwa rahisi: nilipima wachezaji juu ya barafu yenye maji. Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho kwenye baridi ile: nilimpunguzia kijana huyu maksi kwa sababu ni wa kwetu na niliogopa kusemwa. Niliandika mpaka mwisho, nikatia sahihi, na usiku huohuo kocha akampelekea mgeni karatasi ile, kisha akamwita Heritie aje asubuhi.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi milango yote ilikuwa imefungwa. Mama Furaha alikuwa amekaa kwenye viti vya juu kabisa na nguo yake ya kanisani. Nikashuka, nikainama, nikagusa barafu. Ilikuwa kavu na ngumu, ukucha hauingii. Vijana wanne wakaingia badala ya watatu, pamoja na wachezaji wa timu ya kawaida wa kucheza nao, na pasi za Heritie zikaanza kufika. Moja, mbili, zinatua kwenye gongo la mwenzake kabla mwenzake hajajua kwamba anazihitaji.

Halafu akakosea. Alijaribu ujanja usio na maana karibu na ukuta, Brandon akamnyang'anya na kuondoka mbio. Lakini mgeni hakumfuata Brandon kwa macho, alibaki anamtazama Heritie. Mtoto hakutupa mikono hewani wala kumtafuta wa kumlaumu. Aligeukia kushoto palepale, akamfukuza Brandon mpaka karibu na goli, akanyoosha gongo, akakirudisha kile kisahani. Mgeni akaniuliza jina lake linaandikwaje.

Alikwenda. Misimu tisa alicheza kwa malipo, na hakuwa nyota wa mabango, lakini aliishi kwa miguu yake. Mimi nilihamishiwa kaunta ya viatu misimu miwili, kati ya walewale walionong'ona, nikinusa soksi za mji mzima. Sikufurahia hata siku moja, lakini sikujuta.

Aliporudi mara ya kwanza alikuja nyumbani kwangu, mtu mzima, akanishukuru mbele ya mama yake kwamba mimi ndiye niliyemtetea. Mwanangu, ningeweza kuzipokea shukrani zile na kunyamaza. Nikamwambia hapana, zile nne zilitoka kwenye mkono wangu, na sababu yake ilikuwa woga.

"Tantine, nilijua," akasema, akiniita shangazi kama zamani. "Karatasi ilikuwa mulangoni, na mwandiko yako naijua tangu ulitufundisha Sunday school. Nilikuwa na hasira, sikulala. Asubuhi nikaingia, nikakukuta umeinama, unagusa barafu. Nikasema, sawa, amerudi. Sasa na mimi nicheze."

Mpaka leo sijasikia maneno yaliyonipiga kama hayo.

Basi kesho, kabla hujaandika tarakimu yoyote, inama uguse barafu, ujue kama mtoto anacheza mchezo au anapigana na maji. Ongea na anayenoa viatu na anayefagia, kwa sababu wao huwaona vijana hawa siku ambazo hakuna mgeni. Usitazame goli tu. Tazama anachofanya mchezaji baada ya kukosea, maana huko atakakokwenda atakosea mara nyingi, mbali na mama yake. Najua kesho yumo binti wa kwetu. Usimbebe, na usimtupe ili usifiwe kwamba hubebi. Mpe anachostahili, watu waseme wanavyotaka. Na ukigundua jioni kwamba umekosea, usingoje kuche. Shuka kwenye taxi, hata kama umeshalipa nauli.

Mungu akupe jicho lisilo na woga, na akupe rafiki wa kukwambia ukweli kwa sauti ya juu kama Mzee Bonifasi. Na vijana utakaowapima wafike mbali, na wale uliowapa maksi ndogo waweze siku moja kukaa nyumbani kwako, mkatazamana bila kuficha kitu. Nenda, mwanangu. Na uvae koti, kule ndani ni baridi.