Kichwa cha Samaki

Kila nikipita kwa mama anayechoma samaki karibu na kwetu hapa Lubumbashi, harufu ya ndimu ikidondokea makaa hunisimamisha.

Nikiwa mtoto, mama yangu alinichukua hadi Dar es Salaam, alikofuata vitenge vya kuuza. Kila mchana tulijaribu mgahawa mwingine, na siku hiyo tuliingia kibanda cha mabati chenye viti vya plastiki, bahari ikinguruma nyuma ya ukuta. Tukaletewa samaki wawili wazima, ngozi imepasuka kwa moto, mikia inaning'inia nje ya sahani. Mmoja wa mama. Mwingine, mzima mzima, wangu!

Sikumgusa. Kwetu samaki alitoka mbali, mtoni Kasenga, akawa mmoja kwa nyumba nzima, na kichwa kilikuwa cha baba. Sisi tuligawana vipande.

"Mama, kichwa hii ni ya nani?"

Mama alitupa jicho mlangoni, kisha akacheka kidogo. "Papa yako haiko hapa. Kula."

Akakivunja cha kwake kwa mikono miwili. Alifyonza macho, akanyonya mfupa mmoja mmoja mpaka mifupa ikabaki myeupe. Nilimsahau samaki wangu. Sikuwahi kujua kwamba mama anaweza kupenda kitu kiasi kile.

Tuliporudi nyumbani, baba alinunua samaki mkubwa kwa furaha. Mama alimpika, akakiweka kichwa kwenye sahani ya baba kwa heshima zote. Halafu, akidhani hakuna anayemwona, akalamba vidole.