Mwalimu Amevuta Mdomo

Nilikuwa mwalimu mgeni katika kijiji kimoja karibu na Balangdalalu, miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, mdomo wangu wa chini ulipoanza kuvimba. Haukuuma wala kuwasha. Ulivimba, ukanywea, ukavimba tena, na safari hiyo ukabaki hivyo.

Siku ya mkutano wa kijiji, mwenyekiti alikuwa akieleza zamu za shamba la pamoja. Akanigeukia.

"Mwalimu, naona umevuta mdomo. Kama shamba hulitaki, sema hapa mbele ya wananchi."

"Shikamoo, mwenyekiti. Sijauvuta. Umevimba."

"Marahaba. Na kwa nini uvimbe tukitaja kulima?"

Watu wakacheka. Nikapangiwa zamu ya kwanza ya kupalilia, ili nionyeshe moyo.

Mganga wa zahanati alisema ni nyuki. Nikamwambia sijaona nyuki yeyote. "Nyuki hapigi hodi," akasema, akanipa vidonge. Vilipoisha bila nafuu, lawama zikahamia kwenye meno. Aling'oa gego langu zima kabisa, nikarudi darasani na mdomo uleule, sasa na pengo.

Mwishowe nilipanda lori kwenda hospitali Mbulu. Njiani nilikuwa nikiwaza ukoma tu. Nilikuwa na mchumba Singida, na tayari nilikuwa nimeanza kumtungia barua kichwani, ya kumwambia atafute mke mwingine.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, si mwenye maneno mengi. Alinipima kifua, akanigusagusa mdomo kwa pini kuona kama una ganzi, kisha akakata kipande kidogo kipelekwe maabara. Majibu yalichukua wiki nyingi.

"Si ukoma," aliniambia niliporudi. "Wala si kifua kikuu. Ni uvimbe unaotokea kwa watu wachache sana. Mwili wako unapigana hapo mdomoni, na adui hayupo."

"Dawa yake?"

"Sindano. Hapohapo mdomoni."

Nikauliza kama hakuna ya kupaka.

"Ipo," akasema. "Haisaidii."

Nililia kabla hajanigusa. Alidhani naogopa sindano, akanipa pole, nami sikuweza kumweleza kwamba ni furaha.

Baada ya sindano kadhaa uvimbe ulipungua, ila upande mmoja ulibaki mnene kidogo. Mchumba alipokuja likizo nilimpokea Katesh, nimejifunika kanga hadi puani. Nikaifunua polepole. Alinitazama, akasema naona umenenepa, chakula cha huku kinakufaa.

Tulioana baada ya mavuno.