Dawa ya Kuachia Gongo

Mimi ni mtu niliyejijenga mwenyewe. Shule niliacha darasa la pili, lakini Operesheni Vijiji ilipotuhamishia Sapiwi, nyumba ya kwanza kuezekwa bati ilikuwa yangu. Plau langu, ng'ombe wangu, pamba yangu safi. Na gongo nilikunywa kuliko wote, mpaka mke wangu akambeba mtoto akarudi kwao Nkoma.

Nilipomfuata, baba mkwe hakutaka maneno. Alikuwa amemwita mfumu, mganga wetu wa mizizi. "Ukinywa dawa yake ukaacha pombe, utamchukua. Usipoacha, mwanangu anabaki hapa."

Mganga alinipimia nusu kikombe cha maji meusi, machungu. "Itakuonyesha mambo, bhabha. Kaa chini, usiogope. Ila isizidi. Kuna mmoja ilimzidi, moyo ukasimama, tukamzika."

Nusu kikombe, mtu kama mimi? "Mzee, hii si umpe mzazi aliyejifungua jana?" nikamwambia. Alipoinama kuchochea moto, nikainua chungu cha dawa nikakikausha.

Kwanza nilimwona marehemu baba. Amefungwa nira, anavuta plau langu, na jasho lake linanuka gongo. Nililia sana. Hapo dawa ilikuwa inafanya kazi yake, mganga aliniambia baadaye. Kisha ile niliyojiongezea nayo ikafika. Ardhi ikachemka, moyo ukataka kutoka. Nikakimbia, nikaingia nyumba ya kwanza niliyoiona.

Ilikuwa ya mama mkwe. Kwetu hata njiani mnapishana kwa mbali, wala humtazami usoni. Mimi nilimkumbatia miguu, suruali imelowa, nikimwita mayu, mama, nikimwomba ziwa kama mtoto mchanga. Majirani ndio walionitoa. Yeye alijifunika kanga usoni, akaenda kulala kwa dada yake.

Akili iliporudi, baba mkwe alikuwa ameketi pembeni yangu. "Umekunywa dawa kama unavyokunywa gongo," alisema. "Mbuzi wa kumtakasa mama yenu utamleta. Mke utamsubiri."

Gongo sijaonja tena. Lakini mtu akiniuliza kama naye akanywe mizizi ile, namuuliza kwanza mama mkwe wake anaishi wapi.

Mbuzi nilimpeleka, na mke alikuja msimu wa kuchuma pamba. Majirani walikusanyika, wanataka niwasimulie nilivyoishinda pombe, na mimi kusimulia ndiyo kazi yangu. Nilimtazama mke wangu akishusha mzigo, nikawaacha wakisubiri, nikamfuata.

"Mama amesemaje?" nikamuuliza.

"Hajasema kitu," akajibu, akaingia ndani.