Baba Alipoacha Kurudi Nyuma

Baba alijulikana mtaani kwetu Ng'ambo, Tabora, kwa miguu kabla ya ngumi. Alikuwa bondia wa uzito wa juu, mtu wa kuinama akipita mlangoni, lakini ulingoni alikuwa hashikiki. Ananyoosha mkono wa kushoto, anagusa, ameondoka. Wapinzani walipiga hewa mpaka wakachoka. Nikiwa mdogo nilidhani ngumi ni mchezo wa kukimbiana.

Kisha goti la kulia likaanza kumsumbua. Kazi yake ni useremala. Alishinda amesimama akiranda mbao za mninga, na jioni alipotoka uani kufanya mazoezi nilimwona anavyokanyaga kwa kulihurumia goti. Wakati huo nilikuwa mtu mzima, nashona sare za shule, na mimi ndiye niliyemshikia pedi za kupigia. Siku moja nikamwambia, "Baba, mkono wa kushoto unarudi chini. Ukishapiga unauacha kiunoni."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sitaki tena kukaa mbali. Kule mbali ndiko wanakoniona."

Tangu hapo akabadili mchezo. Badala ya kuondoka, aliingia. Aliweka paji la uso kwenye bega la mpinzani, akamwegemea kwa uzito wake wote, akampiga ngumi fupifupi za mbavu. Watu hawakupenda. Walisema mzee siku hizi anapanda ulingoni kulala.

Mwaka jana aliitwa Igunga kupambana na kijana mmoja mpakiaji wa magunia ya mpunga. Kijana huyo alikuwa anamaliza watu mapema, na kila aliyetusimulia habari zake alishusha sauti. Mwalimu wa baba alikuwa amelazwa, kwa hiyo kwenye kona yake nikakaa mimi. Mama alikataa kwenda. Asubuhi tulipokuwa tunatoka kuelekea stendi, alinivuta pembeni.

"Taulo la kusimamisha pambano utalishika wewe," alisema. "Akikwambia bado, usimsikilize. Mtazame macho."

Ukumbi ulijaa tangu alasiri, na bati lilikuwa linashusha joto vichwani mwetu. Katika raundi ya kwanza kijana alirusha ngumi ya kulia iliyompata baba juu ya jicho, na damu ikaanza kutoka. Katika ya pili alimwangusha. Mwamuzi akaanza kuhesabu. Baba alipiga goti moja, akatazama sakafu kama mtu aliyedondosha kitu, akaiacha hesabu isogee karibu na mwisho, ndipo akanyanyuka. Taulo lilikuwa tayari mkononi mwangu. Kengele ikaniwahi.

"Baba, inatosha," nilimwambia alipokaa.

"Bado."

"Mama amesema—"

"Mama yako hayupo hapa. Acha kunitazama mimi, mtazame yule. Anapumulia wapi?"

Nikageuka. Kijana alikuwa kwenye kigoda chake, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka.

"Mdomoni."

"Basi nipake mafuta, nirudi."

Nilimtazama macho kama nilivyoagizwa. Yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yananiona. Nikaubana ule mchano wa juu ya jicho, nikapaka mafuta ya mgando kuzuia damu.

Raundi ya tatu na ya nne baba hakutoka kifuani kwa yule kijana. Kila mara kijana alipojaribu kurudi nyuma apate nafasi ya kupiga, baba alikuwa ameshafika. Alimlazia uzito, akampiga mbavu, akamlazia tena. Watu wakazomea. "Mwamuzi, waachanishe! Hii ni ngumi au mieleka?" Mimi sikuwa nazomea wala kushangilia. Nilikuwa nimelikunja taulo, naliuma pembe yake.

Katika ya tano nikaona kiwiko cha kijana kinashuka. Alikuwa amechoka kupigwa mbavu, sasa anazilinda. Baba akajifanya anakwenda kulekule, akashusha bega, na kijana alipoteremsha mkono, ngumi ya kushoto ikapanda fupi, haikusafiri hata urefu wa kalamu, ikatua kidevuni. Kijana alikaa chini. Akajaribu kusimama, miguu ikamkatalia, mwamuzi akamaliza hesabu.

Ukumbi ulilipuka. Baba hakuinua mikono. Alizishika kamba, akabaki hapo.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alishindwa kuvua fulana mwenyewe, nikamvua mimi. Kijana akaingia, uso umevimba upande mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ile ya mwisho sikuiona."

"Hata mimi kwa umri wako nisingeiona. Nilikuwa na miguu, sikuhitaji kuona."

Mwandaaji wa pambano akaja nyuma yake, anacheka, anasema watu wanataka marudiano. Baba akanitazama. Nilijua anasubiri niseme nini, na nilijua akisema ndiyo sitaweza kumzuia.

"Utatafuta mwingine wa kukaa kona," nilimwambia. "Mimi sirudi."

Baba akamwambia mwandaaji atampigia simu. Njia nzima ya kurudi Tabora aliegemeza kichwa kwenye kioo cha basi, na kila mara basi liliporuka tuta nilimwona anafumba macho kwa maumivu. Mtindo wake mpya ulikuwa bado unafaa. Kichwa kilichokuwa kinapokea ngumi ndicho kilichonitisha.

Nyumbani mama alimgusa shavu, akazunguka na vidole mpaka chini ya jicho, akaenda kuteka maji ya kumkanda.

Wiki ya pili baba alimpigia simu mwandaaji, mimi nikiwa kwenye cherehani yangu barazani, na nikamsikia akisema hatapanda tena. Alisema mara moja tu. Kisha akatoka, akachukua randa, akaanza kuranda ubao ambao mteja alikuwa ameungoja tangu kabla ya Igunga.

Siku hizi yule kijana wa Igunga huja kwa basi kila anapopata nafasi. Baba humwegemea begani pale uani na kumfundisha kupumua kwa pua.