Jivu la Mbula kwenye Tope la Bahari

Asubuhi hii Mbula Muia ameinamia sinki, anamwagia maji kijiko kimoja cha tope juu ya chujio lenye matundu madogo sana. Tope limetoka chini ya bahari. Wenzake katika maabara hii ya Nairobi wanasema huimba akiosha. Leo haimbi.

Kazi yake ni kuosha tope hadi yabaki magamba ya viumbe wa baharini, madogo kama punje za chumvi. Kiumbe akifa, kaboni ya aina fulani hubaki ndani ya gamba lake na kupungua polepole, karne kwa karne. Wanasayansi hupima iliyosalia, wakajua umri wa tope. La chini huwa kongwe kuliko la juu. Hilo halina mjadala.

Ila safari hii la chini lilirudi kutoka kwenye vipimo na umri mdogo, kana kwamba mjukuu kamzaa babu. Mkuu wa maabara, Dkt Osewe, alilaumu mashine ya kupimia kaboni kwanza. Kisha akamuuliza Mbula anasafishaje chujio.

Akamjibu bila wasiwasi: kwa jivu. Mbula, ambaye sasa anaishi Kawangware 46, kituo cha mwisho cha matatu za namba hiyo, alikulia Kibera katika nyumba ya kupanga ya Mama Suad, Mnubi asiyevumilia sufuria yenye masizi. Huko jivu ndilo lililong'arisha kila kitu. Basi chujio liliposhika tope, alichota jivu katika kibanda cha chai nje ya lango.

“Nilitaka iwe safi kabisa,” anasema. “Sikujua jivu iko na kaboni. Si ningeuliza?”

Inauma kumsikiliza. Kaboni ya jivu ni ya juzi. Chembe ndogo ikinasa kwenye gamba, mzee anaonekana kijana. Tope lote la kina kile liliharibika, isipokuwa kijiko hiki cha mwisho. Dkt Osewe amemwachia akioshe, kwa chujio jipya, lakini kibarua chake kinaisha mwezi huu na hakitaongezwa. Majibu yatachukua miezi kadhaa.

Anapanga kurudi kufulia watu nguo katika mtaa wa kitajiri wa Lavington. Kuna jambo moja tu ameomba.

“Nimeambia daktari, hata kama sitakuwa hapa, anipigie. Aniambie tu hii tope iko na miaka ngapi.”

Hadi tunaagana, hakuna aliyekuwa amechukua namba yake ya simu.