Mimba Niliyoionea Haya

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Morogoro yakajaa sabuni za kila rangi, mimi nilikuwa maabara nawadondoshea mbuzi chanjo puani. Tulikuwa tukiijaribu kwa mbuzi wenye mimba, ili kijidudu kinachotoka kwenye kinyesi cha paka kisivuke kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni. Mbuzi wakipiga chafya, nusu ya dawa inaishia usoni kwangu. Niliipenda kazi ile, na nilijiona, sikatai. Nikipanda vijijini kwenye milima ya Uluguru niliwahubiria wafugaji: paka wachanga wakae mbali na majani ya mbuzi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa ameolewa mtaa wa Mafiga. Panya walikuwa wanammalizia mahindi, akaniomba paka. Nikamtafutia mmoja, mchanga, mwenye madoa. Wiki chache baadaye nikapita kumsalimu, nikamkuta anapalilia mchicha kwa mikono, na paka anafukia haja yake kwenye tuta lile lile. Khanga ameifunga juu kidogo. Nikajua ana mimba, na kijidudu kile hakibagui mbuzi na mtu.

Kwetu kaka hamtajii dada mimba. Unangoja shangazi alete habari, nawe unajifanya umeshangaa. Basi badala ya kumwambia aache udongo ule, nikamuuliza habari za mumewe, ambaye kiwandani kwao walikuwa wanapunguza watu. Nikanywa chai, nikaondoka. Nilijiambia nitamtuma mke wangu akaseme naye. Mke wangu alikuwa amesafiri kwao, na aliporudi nikawa nimesahau. Ndivyo ninavyosema, kwamba nilisahau. Mjinga mimi.

Mtoto alizaliwa na ukungu machoni. Daktari alipokitaja kijidudu kile, nilikuwa nimesimama nyuma ya dada, nikatazama sakafu. Chanjo yetu nayo haikufika popote. Wafadhili waliondoka, mbuzi wakauzwa.

Nilikaa na siri ile miaka sita. Siku moja nilimkuta dada anachambua mchele, nikamweleza yote. Mikono yake haikusimama.

"Kaka, ulijua nina mimba?"

"Nilijua."

"Wenye mbuzi unawauliza mlima mzima kama mbuzi wao wana mimba. Mimi ukanionea haya."

Kisha akamwita mwanawe aje anisalimie kabla sijaondoka. Mtoto akaja akipapasa ukuta.

"Shikamoo mjomba," akasema, amegeukia mlangoni, ambako sikuwako.

Nikasogea hadi pale alipoelekeza uso wake, ndipo nikaitikia marahaba.